Shajara ya Majeruhi wa Ubongo

Mwaka 1971 Alexander Luria, tabibu na mwanasaikolojia wa Urusi, alitoa kitabu kidogo ambacho jina lake la Kirusi lina maana ya "Dunia Iliyopotea na Kurudi". Mwaka uliofuata Lynn Solotaroff alikifasiri kwa Kiingereza, nacho kikapewa jina lenye maana ya "Mtu Mwenye Dunia Iliyovunjika". Majina hayo mawili hayapatani. La kwanza laahidi marejeo; la pili laishia katika uharibifu. Nia yangu ni kuonyesha kwamba jina la tatu, alilolichagua majeruhi mwenyewe kwa shajara yake, lamwongoza msomaji vyema kuliko yote mawili. Jina hilo lilikuwa na maana ya "Napigana Bado".

Majeruhi huyo ni Lev Zasetsky, aliyekuwa mwanafunzi wa elimu ya ufundi kabla ya vita. Machi 1943, katika mapigano ya jimbo la Smolensk, risasi ilimpenya fuvu upande wa kushoto, kwa nyuma. Hakufa, lakini nusu ya kulia ya kila alichokitazama ilitoweka, herufi alizozijua tangu utotoni ziligeuka kuwa alama ngeni, na majina ya vitu vya kila siku yakawa yanamponyoka. Walakini sehemu ya mbele ya ubongo wake ilisalimika, nayo, kama Luria aelezavyo, hutumika sana katika kukusudia, kupanga na kujipima. Kwa hiyo alibaki na nia yake, na alibaki pia na utambuzi kamili wa hasara iliyompata. Uchungu wa kitabu hiki watoka hapo: mwenye kupotelewa anajua sawasawa alichopotelewa.

Alipojaribu kuandika herufi moja moja alishindwa. Ndipo alipoelekezwa aandike neno zima kwa mfululizo, bila kuinua kalamu. Mkono ukakumbuka kile kilichosahauliwa na jicho, na neno "damu" likatokea karatasini. Kuanzia hapo aliandika kwa muda wa miaka 25 hivi, akajaza kurasa zipatazo 3,000. Lakini alichokiandika hakuweza kukisoma ila kwa taabu kubwa. Tutafakari maana ya jambo hilo kwa mtungaji. Sisi tuandikapo hurudi nyuma, tukapima sentensi iliyopita kabla ya kuongeza nyingine. Yeye hakuwa na njia nyepesi ya kurudi. Habari moja aliieleza mara nyingi, na mhakiki mwenye haraka angeiita kasoro ya mtindo. Si kasoro. Marudio hayo ndiyo sura halisi ya maisha yake. Kila siku ilimlazimu kuanza upya kazi aliyoianza jana.

Kuna mahali pamoja ambapo mwanafunzi wa lugha hana budi kutua. Zasetsky alielewa neno "baba" na alielewa neno "ndugu", lakini hakuweza kutofautisha "ndugu wa baba" na "baba wa ndugu". Katika Kirusi tofauti hiyo huonyeshwa na miisho ya maneno. Katika Kiswahili huonyeshwa na mpangilio wa maneno pamoja na kiungo kidogo kile "wa". Maneno alikuwa nayo. Uhusiano wake ndio uliomshinda. Sasa mfasiri wa Kiswahili na ajihadhari. Tabia yetu ni kusema "ami", au "baba mdogo", na neno "ami" hulificha fumbo lote ndani ya tamko moja. Mfasiri akiliandika hapo, atakuwa ameandika Kiswahili kizuri na kuipoteza maana ya ukurasa mzima, kwa sababu msomaji hataona ni ngazi gani iliyovunjika.

Sifa hizi hazikifanyi kitabu kuwa kamilifu. Kwanza, Luria ndiye aliyechagua vipande na kuvipanga, akaingiza katikati yake masomo ya maumbile ya ubongo. Masomo hayo yana faida, lakini kila mara majeruhi hulazimika kunyamaza ili mganga aeleze. Pili, kuna mama na dada zake, ambao aliishi nao baada ya vita. Twawaona kwa jicho lake tu. Anayeishi na jeraha la ubongo aghalabu haishi nalo peke yake, na nusu hiyo ya habari haikuandikwa. Tatu, na hili ndilo zito zaidi, shajara hii iliwezekana kwa sababu ya mahali risasi ilipopita. Mtu aliyeumia sehemu ya mbele ya ubongo huweza kubadilika tabia, kukosa subira au kukosa ari, tena huenda asiitambue vema hali yake. Mtu wa namna hiyo si rahisi atuachie kurasa 3,000. Phineas Gage, aliyepenywa kichwa na chuma huko Marekani mwaka 1848, twamjua zaidi kwa kalamu ya daktari wake. Msomaji asidhani basi kwamba kila majeruhi ni Zasetsky, wala asiwapime wengine kwa ushujaa wake.

Haya hayako mbali nasi. Ajali za barabarani, na hasa za pikipiki za abiria, huwajeruhi wengi kichwani. Kidonda kikifunga, watu hushukuru na kusema kwamba amepona. Baada ya miezi mtu huyo akisahau jina la jirani, akichoshwa na kelele za sebuleni au akikasirika pasipo sababu inayoonekana, huanza kuitwa punguani, au husemwa kwamba amerukwa na akili. Lugha yetu ina "ubongo" na ina "akili", na katika mazungumzo twayatumia kana kwamba kuumia kwa kimoja ni kutoweka kwa kingine. Shajara ya Zasetsky yatenganisha vitu hivyo viwili kwa ushahidi usiokanushika: ubongo uliumia, neno likapotea, na mtu mwenye akili akabaki akilitafuta.

Kwa sababu hiyo siridhiki na jina la Kirusi wala la Kiingereza. Dunia ya Zasetsky haikurudi kama ilivyokuwa. Hata baada ya miaka hiyo yote ya kuandika, kusoma kulikuwa kazi ngumu kwake. Wala hakuwa mabaki ya kitu kilichovunjika. Msomaji aliyezoea hadithi zinazoishia kwa kupona atatafuta mwisho huo katika kitabu hiki na hataupata, na jamii yenye mazoea hayo humchoka mgonjwa asiyepona upesi. Atakayekifasiri kitabu hiki kwa Kiswahili na ayaache marudio yake yabaki marudio, na "ndugu wa baba" abaki ndugu wa baba. Na juu ya jalada na aandike jina alilolichagua mwenye jeraha.