Neno Lililobaki Nyuma: Nyimbo za Ayub Ogada katika Filamu

Wahakiki wa fasihi simulizi ya Afrika Mashariki wamezoea kuutafuta wimbo mahali pawili: kwa fanani mwenyewe, au katika kitabu cha mtu aliyekwisha kuukusanya. Mahali pa tatu, yaani filamu, televisheni na matangazo ya biashara, hapatazamwi sana. Huko wimbo huonekana kuwa pambo tu la kazi ya mwingine, nalo pambo huachiwa wanaouza na kununua. Hata hivyo, ni kwa njia hiyo ya tatu kwamba wimbo mmoja wa Kijaluo umeingia masikioni mwa watu wa mataifa mengi ambao hawajapata hata kusikia kuwa kuna lugha ya jina hilo. Wimbo huo ni "Kothbiro", na mtu ambaye jina lake limefungamana nao zaidi ni Ayub Ogada.

Ogada alizaliwa Mombasa mwaka 1956, akapewa jina la Job Seda. Wazazi wake walikuwa Wajaluo na wanamuziki, na utotoni aliishi nao Marekani kwa muda. Katika miaka ya 1970 alikuwa miongoni mwa vijana wa bendi ya Black Savage, Nairobi, na mwaka 1979 akashiriki kuanzisha bendi ya African Heritage, iliyolelewa na nyumba ya sanaa ya jina hilohilo, mali ya Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa zamani, na Alan Donovan. Sinema ilimjua kwa uso kabla ya kumjua kwa sauti: katika Out of Africa, ya mwaka 1985, aliigiza Kanuthia, mfuasi wa mwindaji aliyeigizwa na Robert Redford. Mwaka uliofuata alikwenda Uingereza na nyatiti yake, akawa anaipiga katika vituo vya reli ya chini ya ardhi mjini London mpaka waandalizi wa tamasha la WOMAD walipomsikia. Ndipo mlango wa studio ya Real World, ya Peter Gabriel, ukamfungukia, na mwaka 1993 studio hiyo ikatoa albamu yake En Mana Kuoyo. Alirudi Kenya mwaka 2007, akafia Nyahera, karibu na Kisumu, mwezi Februari 2019.

Wako waliosema kwamba mtu wa namna hii aliitoa nyatiti kwao na kuiuza. Lawama hiyo inasikika vizuri, lakini haina msingi katika historia ya chombo chenyewe. Nyatiti ina nyuzi nane, zilizotandazwa juu ya bakuli la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe. Mpigaji, ambaye Wajaluo humwita jathum, hukaa juu ya kigoda kifupi, njuga zikiwa mguuni, na kwa pete ya chuma iliyo katika kidole cha mguu hugonga ukingo wa chombo, hata mtu mmoja akawa bendi nzima. Washington Omondi, mmoja wa wanamuziki waliotayarisha wimbo wa taifa la Kenya mwaka 1963, aliuandikia muziki huu tasnifu katika Chuo Kikuu cha London mwaka 1980. Tangu zamani jathum ni mtu wa kualikwa na kulipwa. Huimba matangani, arusini na penye pombe, na tungo zake hufuata tukio na wenyeji waliomwita. Hakuna zama ambazo kazi yake ilikuwa nje ya mkono wa mwenye fedha.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni pakruok. Wimbo ukiwa katikati, msikilizaji huinuka, humsimamisha jathum, hutoa fedha, kisha hujitamba: hutaja ukoo wake, kijiji chake, mpenzi wake, rafiki yake aliye mbali, au kitendo alichokifanya. Nyuzi hutulia ili aliyelipa asikike. Akimaliza, jathum huuchukua wimbo pale alipouacha, na mara nyingi hayo aliyoyasikia huyaingiza katika ubeti unaofuata. Mtu akitaka kuita jambo hili tangazo la biashara hatakosea sana. Mtu ananunua nafasi ndani ya muziki ili jina lake lisambae. Lakini yafaa itazamwe kinachonunuliwa hapo. Kinachonunuliwa ni nafasi ya kusema. Fedha inaingia katika wimbo kwa mlango wa maneno, na kila anayeitoa anaijua lugha ambayo wimbo umetungwa kwayo, kwa hiyo anaweza kujibu, kukana, kuongeza, au kumfanyia jathum mzaha.

Sasa na uchukuliwe "Kothbiro". Jina lenyewe linastahili kuangaliwa na watu wa lugha, kwa kuwa katika Kijaluo hilo si neno moja. Ni sentensi: koth ni mvua, biro ni kuja, mvua inakuja. Katika lugha hiyo toni ndiyo inayotenga kitendo kinachoendelea na kilichokwisha timia, na toni haiandikwi. Waliochapa jina hilo juu ya albamu waliziunganisha sehemu mbili za sentensi zikawa kitu kimoja, mfano wa jina la mtu au la bidhaa. Hili ni jambo dogo, na huenda mwenye wimbo hakulijali. Hata hivyo linaonyesha mapema kilichoupata wimbo baadaye: kauli iligeuka kuwa chapa.

Maudhui ya wimbo ni mafupi na ya nyumbani kabisa. Mtu anaita. Mvua imekaribia, ng'ombe wangali malishoni, na anayeitwa anatakiwa awarudishe bomani. Msikilizaji wa mwambao wa Kisumu hana haja ya kufafanuliwa zaidi. Alasiri huko mawingu hujikusanya upesi, na mvua hushuka kwa kishindo pamoja na radi. Tena katika nyanda za Kano, ambako Mto Nyando hufurika mara kwa mara, habari ya mvua si habari ya neema peke yake. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Viktoria yenyewe yalipanda yakawahamisha watu wengi pwani yote ya ziwa. Kwa mtu wa huko, kusema kwamba mvua inakuja ni kumwambia mwenzake afanye jambo, na alifanye sasa. Kitenzi kina haraka ndani yake.

Kwa upande wa fani, Ogada alifanya jambo ambalo jathum wa matangani asingelifanya. Aliipunguza. Kishindo cha pete ya chuma na vumbi la mguu vimeondoka. Nyuzi zinarudia mchoro mmoja polepole, na sauti inaingia kwa mwito usio na maneno kabla ya maneno kufika. Jathum wa kawaida huimba kwa kukaza sauti, kwa mbio, akimwaga majina. Huyu anaimba kama mtu anayejisemea. Hapa kuna mvutano ambao ndio uzuri wa wimbo: maneno yanaharakisha, muziki unakawia. Anayeelewa yote mawili huhisi wasiwasi fulani, mfano wa mzazi aliyesimama uani akitazama wingu huku akijua mtoto yuko mbali na hawezi kumfikia ila kwa sauti. Asiyeelewa maneno hubakiwa na ule ukawiaji peke yake, naye huusikia kuwa ni huzuni.

Na huzuni ndiyo iliyonunuliwa. Filamu The Constant Gardener ya Fernando Meirelles, iliyotoka mwaka 2005 kutokana na riwaya ya John le Carré, inamhusu mwanadiplomasia wa Kiingereza ambaye mkewe ameuawa Kenya kwa sababu alichunguza dawa zilizokuwa zikijaribiwa kwa maskini. Muziki wake ulitungwa na Alberto Iglesias wa Hispania, na "Kothbiro" pamoja na "Dicholo", wimbo mwingine wa Ogada, zimo ndani yake. Yapo mengi ya kusifiwa. Iglesias hakuufunika wimbo kwa mapambo ya okestra, na mkurugenzi hakuutumia kwa kuonyesha tembo na machweo, kama ilivyokuwa desturi ya filamu nyingi zilizopigwa Kenya kabla ya hapo. Aliupa nafasi katika hadithi ya msiba, na kwa mtazamaji wa London au Madrid wimbo ukawa ni maombolezo.

Lakini si maombolezo. Wajaluo wanayo maombolezo yao, yenye istilahi zake, majina yake na mwendo wake, na nyatiti inayajua vizuri. Hapa mwito wa kurudisha ng'ombe umewekwa badala ya kilio cha mjane, na hakuna hata mmoja kati ya waliokaa kwenye viti vya sinema ng'ambo aliyeweza kulitambua hilo. Kuna kinaya kingine juu ya hicho. Sehemu kubwa za kisa hicho zimepigwa pembezoni mwa Ziwa Turkana, nchi kavu yenye mawe, ambako mvua ni adimu. Sauti inatangaza kwamba mvua inakuja juu ya ardhi isiyopata mvua! Kama waliotengeneza filamu wangalikusudia hivyo, ungekuwa ufundi mkubwa. Kwa kuwa maneno hayakutafsiriwa chini ya picha, hapana budi kuamini kwamba ilitokea tu.

Itasemwa kwamba muziki hauhitaji tafsiri, na kwamba machozi ya mtazamaji ni ya kweli hata kama hakuelewa. Ni kweli. Hoja hiyo lakini inatumika kwa upande mmoja tu. Nyimbo za Kiingereza zinapowekwa katika filamu za Kiingereza, maneno yake huchaguliwa kwa makini yaafikiane na tukio, na mwenye filamu huona aibu yakigongana. Kijaluo hakipewi heshima ya kugongana na picha. Kinachukuliwa kama vile kinachukuliwa kinanda, kwa rangi ya mlio wake. Katika tangazo la biashara, ambalo lina nusu dakika na bidhaa ya kuuza, jambo hilo huzidi: lugha isiyoeleweka inapendwa kwa sababu haieleweki, maana haiwezi kubishana na bidhaa.

Hapa inafaa kumkumbuka Okot p'Bitek, ambaye aliishi na kufanya kazi Kisumu mwishoni mwa miaka ya 1960, akaandaa huko tamasha la sanaa mwaka 1968. Utenzi wake wa Kiacholi, lugha iliyo ndugu wa Kijaluo, aliutafsiri mwenyewe, ukatoka kwa Kiingereza mwaka 1966 kwa jina la Song of Lawino. Na hakuficha kwamba tafsiri imeupunguza. Mfasiri anajua alichokipoteza, na msomaji akitaka anaweza kuirudia asili akapima. Wimbo unapoingia filamuni bila tafsiri, hasara haina mizani. Hakuna aliyeihesabu, kwa hiyo yaonekana kana kwamba haipo. Hii ndiyo tofauti na pakruok. Kule, anayelipa hulinunua neno. Huku, anayelipa huununua wimbo neno likiwa limenyamazishwa, naye jathum hana mtu wa kumjibu.

Ogada mwenyewe hakuonekana kulalamika, na si haki kumfanya awe mhanga. Alikuwa mtunzi aliyejua soko. Katika En Mana Kuoyo, maana yake "ni mchanga tu", umo wimbo uitwao "10%", na msomaji wa Kenya haulizi asilimia hiyo ni ya nini. Mwaka 2015, akiwa na mpiga gitaa Trevor Warren, alitoa Kodhi, yaani mbegu. Wasikilizaji wengi waliomjia kwa sababu ya filamu walifika hadi kwenye albamu hizo, na baadhi yao wakauliza maneno yanasema nini. Hilo nalo ni tunda la sinema.

Safari ya wimbo haikuishia hapo. Mwaka 2018 Kanye West alipotoa albamu Ye, wimbo wake "Yikes" ulijengwa juu ya kipande cha "Kothbiro", na kipande hicho hakikutoka Real World bali katika santuri ya Black Savage ya miaka ya 1970, iliyopigwa kwa magitaa. Katika orodha ya watunzi yaliandikwa majina ya James Mbarack Achieng na Ayub Ogada pamoja. Hivyo wimbo ambao dunia iliupokea kama sauti ya kale ya mtu mmoja na nyuzi zake nane umeonekana kuwa ulianza Nairobi, katika bendi ya vijana wa mjini, ukiwa na mtunzi zaidi ya mmoja, na kwamba ile nyatiti iliyosifiwa kuwa asili yake iliufikia baadaye. Anayetaka kuuhakiki aanze na santuri hiyo, aiweke kando ya albamu ya mwaka 1993, na asikilize ni maneno gani yaliyovuka kutoka moja hadi nyingine na yapi yaliyoachwa.