Yadi Tatu za Jasho: Namna ya Kumpima Mbeba Mpira wa Kimarekani

Tarehe 31 Desemba 1994, mjini Green Bay, Barry Sanders wa Detroit Lions alikabidhiwa mpira mara 13. Mechi ilipokwisha, hesabu yake ilisomeka yadi moja kasoro: jumla ya alikorudishwa nyuma ilizidi jumla ya alikosonga mbele. Detroit ikalala 16–12 na kuaga mtoano. Na huyu ndiye aliyekuwa ametoka kumaliza msimu huohuo akiongoza ligi nzima kwa yadi 1,883.

Kwa anayesoma jedwali tu, siku ile Sanders hakucheza kitu. Aliyetazama miguu yake alijua kwamba mara nyingi alikutana na beki kabla hata hajaushika mpira sawasawa. Kumpima mchezaji wa namba hii, ambaye Wamarekani humwita raningibeki na ambaye inatosha kumwita mbeba mpira, kunaanzia hapo: alipewa nini, akakitengeneza kuwa nini.

Mchezo wenyewe ni wa kugombea ardhi. Timu hupata majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10, sawa na mita tisa na ushei. Ikifaulu, hupewa mengine manne. Ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani. Mbeba mpira mzuri hupata wastani wa yadi nne na kidogo kila anapokabidhiwa mpira. Kwa hiyo kazi yake ya kila siku ni takriban mita nne, katikati ya watu wanaolipwa wamwangushe. Mtazamaji wa Dar es Salaam au Mombasa anayekesha kungoja Super Bowl, fainali ya ligi hiyo, ambayo huku huanza mnamo saa nane na nusu usiku, atashangilia mbio ya yadi 60. Hiyo haihitaji jicho la ziada. Ubora umejificha katika ile mbio ya yadi tatu ambayo ilistahili kuwa sifuri.

Ndiyo maana mjuzi haanzi kumtazama mbeba mpira. Huanza na wale watano wa safu ya mbele, majitu ya kilo 140 hivi kila mmoja, ambao kazi yao ni kusukuma mabeki na kufungua njia. Mfano mzuri ni Saquon Barkley. Mwaka 2023, akiwa New York Giants nyuma ya safu dhaifu, alipata yadi 962. Mwaka uliofuata alihamia Philadelphia Eagles, kwenye mojawapo ya safu bora kuliko zote, akapata yadi 2,005 na pete ya ubingwa. Miguu ni ileile. Anayesema Barkley alijifunza kukimbia alipofika Philadelphia hakuwa akitazama, na anayesema safu ndiyo iliyofanya kila kitu naye hajaiona mechi ya Jacksonville ya Novemba 2024. Barkley alidaka pasi fupi, akamzunguka beki wa kwanza kama pia, na alipokuwa bado amegeuzia mgongo goli la wapinzani, akaruka kinyumenyume juu ya kichwa cha beki mwingine. Hakuna safu inayofundisha hilo.

Baada ya safu, yaangalie macho na hatua mbili za kwanza. Mgeni hudhani kasi ni kila kitu, na ligi yenyewe hulea dhana hiyo kwa kuwapima vijana mbio za yadi 40 kwa saa ya kuhesabu sekunde. Chris Johnson alizikimbia kwa sekunde 4.24 mwaka 2008, na msimu wa 2009 akavuka yadi 2,000. Kasi si uongo. Lakini Emmitt Smith, aliyetiliwa shaka kwa sababu ya mbio hizohizo na kuchaguliwa wa 17 timu zilipogawana wachezaji wapya mwaka 1990, alistaafu akiwa na yadi 18,355, rekodi ambayo hadi leo hakuna aliyeikaribia. Le'Veon Bell, enzi zake Pittsburgh, alifika nyuma ya safu akakaribia kusimama, kama mtu anayengoja daladala zipite ndipo avuke barabara. Beki mwenye pupa alijitupa upande mmoja, tundu likafunguka upande wa pili, na Bell akawa keshapita. Hapo kuna mizani mbili kwa mpigo: subira kabla ya njia, na mlipuko baada yake. Mwenye subira bila mlipuko hukabwa amesimama. Mwenye mlipuko bila subira hujigonga kwenye migongo ya wenzake, na wa aina hiyo ni wengi kuliko unavyodhani.

Chenga mashabiki wa soka hawahitaji kufundishwa. Ile ya mwili, ambayo bega linakwenda kushoto na kiuno kinabaki kulia, ndiyo iliyompa Sanders jina. Alikuwa na urefu wa sentimita 173 tu, mapaja mazito, magoti yamekunjwa muda wote. Januari 1992, dhidi ya Dallas Cowboys, aliingia katikati ya msitu wa watu, akamezwa, na kwa nukta chache ilionekana mambo yamekwisha. Kisha akachomoka peke yake na kukimbia hadi mwisho, yadi 47. Lakini mjuzi halevywi na chenga. Swali ni kama inampeleka mbele. Sanders alilipa gharama ya mtindo wake: kila alipozunguka kutafuta njia kubwa alihatarisha kuangushwa nyuma ya mstari, na kwa maisha yake yote ya uchezaji alipoteza zaidi ya yadi 1,000 namna hiyo. Hapo ndipo ubishi wa nani bora kati ya Sanders na Smith unapowaka moto kila unapoibuka. Mwandishi huyu angelipa tiketi kumwona Sanders, ila kama ni jaribio la nne na imebaki yadi moja, mpira apewe Smith.

Sababu yake iko kwenye namna ya kuanguka. Mtazame mtu anapoguswa: kiwiliwili kimeinama mbele, au kimesimama wima kama mlingoti? Anayeinama akiangushwa huanguka kuelekea mbele na kuokota yadi moja au mbili za bure. Siku nzima zinakuwa nyingi. Tarehe 2 Januari 1994, dhidi ya Giants, Smith wa Dallas aliteguka bega kabla ya mapumziko. Akarudi uwanjani na mkono ukimning'inia, akaendelea kupokea mpira hadi muda wa nyongeza. Jumla alikimbia nao mara 32 kwa yadi 168 na kudaka pasi 10 za yadi 61, Dallas ikashinda 16–13.

Mpira wenyewe basi. Hapa ndipo mtazamaji wa kawaida hupitwa, kwa sababu mpira usiodondoka hauna habari. Tiki Barber wa Giants alikuwa na miguu mizuri na mikono ya mashaka. Mwaka 2003 pekee mpira ulimponyoka mara tisa. Kocha Tom Coughlin alipofika mwaka 2004, Barber alibadilishiwa mshiko: mpira usimame wima, ubanwe juu kifuani, kiwiko kishuke chini ili mkono wa beki usipate pa kupenya. Msimu wa 2005 akapata yadi 1,860, na mshiko ule ndio uliomwezesha kocha kulala usingizi. Kwa hiyo mtu anapokimbia, shusha macho kutoka usoni hadi kwenye kiwiko. Kikianza kuelea mbali na mbavu, balaa liko njiani.

Kuna kazi nyingine asiyoisifia mtu. Kotabeki, yaani mpiga pasi wa timu, akitaka kupiga pasi ndefu, mbeba mpira hugeuka mlinzi: anamwona lainibeka, beki anayesimama nyuma ya safu ya mbele ya wapinzani, mwenye kilo 20 zaidi yake akija mbio, na inambidi amkabili kifua kwa kifua. Vijana wengi wenye vipaji hukalia benchi kwa kukosa moyo huo. Walter Payton wa Chicago Bears, aliyepata yadi 275 siku moja mwaka 1977 akiwa na mafua makali, alisifiwa na wenzake kwa kuzuia kama alivyosifiwa kwa kukimbia. Misimu 13, akakosa mechi moja tu.

Hilo la kudumu lina uzito wake kwenye mizani, kwa kuwa namba hii hula watu. Terrell Davis wa Denver alipata yadi 2,008 mwaka 1998. Msimu uliofuata goti likapasuka katika mechi ya nne, na hakuwa tena yule. Christian Okoye, kijana wa Enugu aliyekwenda California kurusha kisahani na kuanza mchezo huu akiwa na miaka 23, aliongoza ligi mwaka 1989 kwa yadi 1,480. Baada ya 1992 alikuwa amemaliza. Upande wa pili yuko Frank Gore, aliyepasuka magoti yote mawili tangu chuoni, akacheza misimu 16 na kuondoka na yadi 16,000 kamili, kana kwamba alikuwa akizihesabu. Waajiri wanalijua hili na hupunguza malipo mapema. Julai 2023 wabeba mpira wenye majina makubwa walikutana kwa video kulalamikia mishahara, bila mafanikio ya haraka.

Kipyenga kikishalia, usiondoe macho. Jim Brown wa Cleveland, aliyeongoza ligi misimu minane kati ya tisa aliyocheza na kuondoka akiwa na wastani wa yadi 5.2, alikuwa na desturi moja. Kila alipoangushwa aliinuka polepole, kizee kabisa, akarudi kwa wenzake akijikokota. Alifanya hivyo akiwa mzima na akiwa ameumia, mwendo uleule, ili mabeki wasijue kamwe ni pigo lipi lililomuuma.