Fundi Asiyekimbilia Ufunguo

Gari lililolala miaka likinguruma tena Ilemba, fundi husifiwa papo hapo. Sifa hiyo huwahi mno. Ilemba iko chini, katika bonde la Ziwa Rukwa, ambalo maji yake yako karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Sumbawanga uko juu, kwenye uwanda wa Ufipa, karibu mita 1,800. Kati ya hapo na Ilemba ni ukuta wa milima wa Lyamba lya Mfipa. Basi safari ya kwenda mjini ni ya kupanda, na kupanda hakupimi breki. Breki hupimwa siku ya kurudi, gari limesheheni, kwenye kona za mteremko. Fundi anayezifungua kabla ya kugusa ufunguo ndiye anayestahili sifa.

Wapo wasemao gari lilikuwa zima lilipoegeshwa, hivyo betri na mafuta mapya vinatosha. Lakini mafuta ya breki hunyonya unyevu hata gari lisipotembea. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishaingiwa na maji huweza kuchemka kwenye nyuzi 140 hivi. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na pedeli huzama hadi sakafuni. Maji hayohayo hutia kutu silinda za breki, pistoni zikaganda. Tairi nazo huzeeka bila kuwa vipara. Tarakimu nne ubavuni hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa. Kushuka kwa gia nzito ni busara, ila gia hupunguza mwendo tu. Hailisimamishi gari mbele ya ng'ombe. Gharama ni hoja nzito zaidi, maana vipuri hufuatwa mjini. Basi rangi, viti na redio vingoje.

Ufipa inaujua uvumilivu huu wa kutoruka hatua. Wahunzi wake waliyeyusha mawe ya chuma katika malungu, matanuru marefu kuliko mtu, na bado chuma hicho hakikufuliwa jembe moja kwa moja. Kilisafishwa kwanza katika matanuru madogo.

Fundi wa gari mwenye uvumilivu huo, akishabadili mafuta ya breki, mipira na hosi, na kutoa hewa kwenye mfumo, hulijaribu gari kwenye tambarare ya bondeni. Hufunga breki tena na tena, kisha hushuka na kusogeza kiganja kwenye kila gurudumu. Lenye joto kuliko mengine breki yake inang'ang'ania, na hufunguliwa upya kabla gari halijaelekezwa mlimani.