Kitanda Kimoja, Zamu Mbili

Pauni 350 kwa mwezi, London kusini, bili zote ndani. Kwa pesa hiyo Tiffy Moore hapati nyumba wala chumba, anapata saa. Nyumba ni yake usiku na siku za wikendi. Mchana anakuwamo Leon Twomey, muuguzi wa tiba shufaa anayekesha kazini na kurudi kulala wakati Tiffy ameshaondoka. Chumba cha kulala ni kimoja, kitanda ni kimoja, kila mmoja ana upande wake, na hawajaonana hata siku moja.

Huo ndio mtego alioutega Beth O'Leary katika The Flatshare, riwaya yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 2019. Aliiandika kwenye treni, akienda na kurudi kazini katika kampuni ya kuchapisha vitabu vya watoto. Ukisimuliwa wazo lenyewe utadhani ni kichekesho, na kichekesho kipo tele. Lakini chini yake kuna jibu la swali linalowasumbua waandishi wote wa riwaya za mapenzi wanaosimulia habari za mwanamke anayeanza upya baada ya kuachwa, kufiwa au kufukuzwa kazi: yule mwanamume mpya aingie lini?

Akiingia mapema mno, anageuka mwokozi, na mwanamke aliyetoka mikononi mwa mmoja anaonekana amekabidhiwa tu kwa mwingine. Akichelewa, msomaji anachoka kusubiri, maana kurasa mia mbili za maombolezo bila mapenzi ni riwaya ya aina nyingine kabisa. Waandishi wengi huponea katikati: mwanamke analia sura mbili, anahamia mji mdogo, na kufikia sura ya tatu ameshagongana na seremala mwenye macho ya huruma.

Tena mwisho wenyewe unajulikana tangu dukani. Romance Writers of America, chama cha waandishi wa riwaya hizi nchini Marekani, kimeuwekea utanzu huu masharti mawili: mapenzi yawe ndiyo kiini cha hadithi, na mwisho uridhishe moyo na kuacha matumaini. Pamela Regis, katika A Natural History of the Romance Novel ya mwaka 2003, alikwenda mbali zaidi, akataja viungo vinane ambavyo kila riwaya ya namna hii haina budi kuwa navyo. Kimoja ni wapenzi kukutana, kingine ni kizuizi, kingine ni ile hatua ambapo kila kitu huonekana kimekufa. Kwa hiyo msomaji haulizi kama wawili hawa watapatana. Taharuki inabidi itafutwe kwingine, na O'Leary aliitafuta kwenye ratiba ya kulala.

Alichofanya ni kumwingiza mwanamume ndani ya nyumba muda mrefu kabla hajamleta mbele ya macho ya mwanamke. Na hakukitegemeza kizuizi chake kwenye bahati nasibu. Kila anayehusika ana shida yake. Leon anahitaji pesa za kumlipa wakili wa mdogo wake, Richie, aliyefungwa kwa ujambazi ambao hakuufanya. Tiffy bado anaishi katika nyumba ya Justin, mpenzi wake wa zamani, na Justin ameshapata mchumba mwingine. Kay, mpenzi wa Leon wakati huo, anakubali mpango huo alimradi Leon na mpangaji wasikutane, na yeye ndiye anayempokea Tiffy siku ya kuja kuiona nyumba. Ukiondoa shida ya pesa, hadithi nzima inaporomoka. Hili lisomwe kwa makini na yeyote anayetaka kuandika: katika riwaya za kuanza upya, kodi ya pango hufanya kazi ambayo waandishi wavivu humwachia Mungu.

Mawasiliano yao ni vikaratasi vya kubandika. Vinaanza na mambo ya nyumba, chakula kilichobaki na usafi, kisha vinaenea mpaka jikoni na mlangoni, kimoja kikijibiwa chini ya kingine, hadi nyumba yenyewe inakuwa barua. Vikaratasi hivi vina kazi kubwa kuliko kuchekesha. Tiffy ametoka kwa mtu aliyekuwa akimsahihisha kila alichokumbuka, kila alichovaa, kila alichosema. Sasa amepata mtu wa kuzungumza naye ambaye hamwoni uso, hawezi kumkatiza, na maneno yake yapo ukutani kesho yake kama alivyoyaandika. Hakuna atakayemwambia kwamba hakusema alichosema. Mwandishi haelezi haya popote. Anabandika karatasi tu, na msomaji anaona mwanamke anarudishiwa kumbukumbu yake polepole.

Upande wa pili Leon anamsoma Tiffy kwa vitu: nguo za rangi kali, vikorokoro vilivyojazana katika nyumba iliyokuwa kavu kama wodi. Ndiyo maana wanapokutana hatimaye, karibu na katikati ya kitabu, tukio linabeba uzito mkubwa kuliko linavyostahili. Leon anaoga, Tiffy, aliyechelewa kazini, anaingia bafuni bila kubisha. Mwandishi mwingine angeanza riwaya hapo. O'Leary ameshawafanya wajuane kuliko wachumba wengi, kwa hiyo aibu ya pale bafuni si ya watu wasiofahamiana. Ni ya watu wanaofahamiana sana ambao miili yao ilikuwa bado haijatambulishwa.

Usimulizi nao umegawanywa kwa zamu, kama kitanda. Sura ya Tiffy, kisha ya Leon, wote kwa nafsi ya kwanza. Tiffy ni mwingi wa maneno, anatoka kwenye jambo hili na kuingia lile kabla ya nukta. Leon sentensi zake zimekatwa. Mara nyingi hata kiwakilishi cha kujitaja mwenyewe hakimo, na mazungumzo anayoyasimulia yamepangwa kama tamthilia, jina, nukta mbili, maneno. Kurasa za mwanzo mtindo huo unachosha kidogo. Ukishazoea, unagundua kuwa huhitaji kutazama juu ya ukurasa kujua ni zamu ya nani, na kwamba ukimya wa Leon umekuwa sauti yenyewe. Mwandishi anayetegemea wasimulizi wawili na kuwapa sauti moja, na wako wengi, angejifunza mengi hapa.

Ustadi mkubwa kuliko wote umefichwa kwa Justin. Riwaya nyingi za namna hii hufungua kwa kosa lililo wazi: mume kafumaniwa, mchumba kakimbia. Pigo linatokea sura ya kwanza, na baada ya hapo ni historia. O'Leary alikataa njia hiyo. Tiffy anapoanza kusimulia hajui kama alitendewa ubaya. Anadhani aliachwa na mwanamume mzuri kwa sababu yeye mwenyewe ni msahaulifu, mzembe na mgumu kuishi naye, na anamweleza Justin kwa lugha ambayo Justin mwenyewe alimfundisha. Msomaji anasoma kati ya mistari na kushtuka kabla ya msimulizi. Kinaya hicho ndicho kinachovuta kurasa.

Mfano mmoja unatosha. Tiffy ni mhariri msaidizi katika kampuni inayochapisha vitabu vya kazi za mikono, na anamsindikiza mwandishi wake, Katherin, kwenye meli ya kitalii kufanya maonyesho ya ufumaji wa kroshia. Justin anatokea humo humo melini. Tiffy anajiuliza maana yake. Msomaji ameshapata jibu na anataka kumshika mkono amtoe mle. Wanaomsaidia kufikia jibu hilo ni marafiki wawili waliotengenezwa kwa makusudi ili wasifanane: Gerty, wakili asiyemung'unya maneno, na Mo, mshauri nasaha anayeuliza kisha ananyamaza. Gerty anasema ukweli mapema mno kwa Tiffy kuumeza. Mo anamwacha aufikie mwenyewe. Kati ya hao wawili mwandishi anapata njia ya kulipeleka jambo mbele bila kumhubiria mtu.

Halafu unakuja uamuzi unaokitenga kitabu hiki na vingi vya rafu yake. Kumbukumbu mbaya zaidi za Justin haziji mwanzoni zikiwa utangulizi. Zinakuja baada ya mambo kuwa mazuri na Leon. Tiffy anaguswa kwa upendo, na mwili unaganda. Kinachorudi ni woga ambao akili ilikuwa imeuzika. Mapenzi mapya ndiyo yanayofungua kidonda, na Leon anachoweza kufanya ni kusimama, kuuliza na kungoja. Swali la mwokozi limejibiwa hapo. Leon anakuwapo Tiffy anapojiponya, basi.

Kasoro zipo. Justin anatisha zaidi anapokuwa mpole, na kitabu kinapokaribia mwisho mwandishi anampandisha cheo na kumfanya adui wa waziwazi, mpaka anamposa Tiffy hadharani kwenye uzinduzi wa kitabu. Hapo kuna kutoelewana kati ya Tiffy na Leon ambako simu moja ingekumaliza. Ile hatua ya Regis ya kufa kwa matumaini ilikuwa lazima itokee, sawa, lakini imeletwa na gari la kukodi. Kesi ya Richie nayo inanyooka kwa urahisi mno mara Gerty anapoishika. Na Leon ni mwema hadi mtu anatamani amwone akigombana na jirani, angalau mara moja.

Wengine wamelijibu swali lile lile, la mwanamume mpya aingie lini, kwa mbinu tofauti. Robyn Carr, katika Virgin River ya mwaka 2007, anamleta mwanamume mapema, kisha anampa mwanamke sababu ya kubaki isiyomhusu mwanamume huyo. Mel Monroe, muuguzi mkunga kutoka Los Angeles aliyeuawa mumewe katika uporaji dukani, anafika kijijini na kukuta kibanda alichoahidiwa ni kichafu na kinaoza. Anaamua kuondoka kesho yake. Asubuhi mtoto mchanga anakutwa ametelekezwa barazani kwa daktari, na mkunga hawezi kumpa kisogo mtoto mchanga. Jack Sheridan, mwenye baa, yupo pembeni tangu siku ya kwanza, lakini kinachomzuia Mel ni kazi. Ni ufundi wa kawaida, unaoonekana nyuzi zake, na unafanya kazi.

Terry McMillan alikuwa ameshakwenda mbali kuliko wote wawili mwaka 1992. Waiting to Exhale ina wanawake wanne Waamerika weusi mjini Phoenix, Arizona, na kinachoshangaza ni jinsi sauti zilivyogawanywa: Savannah na Robin wanajisimulia kwa nafsi ya kwanza, ilhali Bernadine na Gloria wanasimuliwa kwa nafsi ya tatu. Mpangilio huo usiolingana una faida yake. Bernadine, ambaye mumewe John anamwacha kwa ajili ya karani wake wa hesabu, Mzungu, anajaza nguo za bwana huyo ndani ya gari na kulitia moto, kisha anauza vilivyobaki kwa dola moja moja. Angejieleza mwenyewe, pangekuwa na visingizio na machozi. Akitazamwa kutoka nje, tunaona mikono yake ikifanya kazi.

Savannah, kwa upande wake, ametoka Denver kuja Phoenix kwa kazi ya televisheni yenye mshahara mdogo kuliko aliokuwa akilipwa, na muda mwingi anahangaika na Kenneth, mwanamume mwenye mke. Robin naye anapata mimba ya Russell na kuamua kumlea mtoto bila yeye. Kati ya wanne, Gloria na Bernadine ndio wanaofika ukurasa wa mwisho wakiwa na mwanamume wa kutegemea. Kwa masharti mawili ya chama, hii haihesabiki kuwa riwaya ya mapenzi. Hata hivyo iliuzwa kwa mamilioni, ikawa filamu mwaka 1995 chini ya Forest Whitaker, na Savannah, aliyeigizwa na Whitney Houston, anaufunga mlango kwa Kenneth bila mwingine kusubiri nje.