Chumba Kilichochelewa Kujibu

Mwaka 1969, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison, Marekani, kikundi cha wanafunzi na wenzao kilitia giza ukumbi wa maonyesho chuoni, kikawakaribisha watu waingie. Kazi yao iliitwa GLOWFLOW. Kikundini alikuwemo Myron Krueger, wakati huo mwanafunzi wa shahada ya juu ya kompyuta, pamoja na Dan Sandin aliyetoka upande wa fizikia, mchongaji Jerry Erdman, na Richard Venezky, mwalimu wa kompyuta. Nimeichagua kazi hii kwa sababu tatizo lake kubwa bado naliona kila mara wanafunzi wanapofunga sensa na spika ukumbini na kungoja wageni.

Kwanza tutazame walivyoijenga. Kutani walipitisha mirija yenye kimiminika cha chembe zinazong'aa gizani, na taa zilizofichwa zikaziamsha chembe hizo. Mirija ndiyo iliyokuwa mwanga pekee humo ndani, nayo ilipangwa makusudi ilidanganye jicho, ili chumba kionekane kina umbo ambalo hakina. Sauti zilitoka kwenye sintesaiza ya Moog. Sakafuni kulikuwa na vitambuzi vya kukanyaga, na nyuma ya yote kompyuta iliyoitwa ndogo enzi zile, ingawa ilikuwa na ukubwa wa kabati. Mgeni akikanyaga mahali, kompyuta inapata habari, inawasha taa au inabadilisha mlio. Kiufundi, kila kipande kilikuwepo.

Lakini waliongeza jambo moja: walichelewesha jibu kwa makusudi. Waliogopa kwamba mtu akigundua mguu wake ndio unaowasha mwanga, ataanza kurukaruka ili apate mwanga zaidi, na utulivu walioutaka utavurugika. Siwalaumu kwa hofu hiyo. Nimeona wageni wakiipungia sensa mikono kama abiria anayesimamisha daladala, na msanii amesimama kando akisikitika kuona kazi ya miezi imegeuka kitufe. Ila dawa waliyoichagua ilileta maradhi mengine.

Matangazo yalikuwa yamewaambia watu kwamba chumba kinajibu. Wakaingia wakiwa tayari kujibiwa. Kwa kuwa jibu halikuja papo kwa papo, kila mmoja alijitungia kanuni yake. Wapo waliotoka wakiamini kabisa kwamba chumba kimewajibu kwa namna ambazo hakikuwa kimewajibu hata kidogo. Watu wasiojuana waliungana, wakapiga makofi, wakaimba pamoja. Wengine walijitwika kazi ya kuwatembeza wageni wapya na kuwaeleza kompyuta inafanya nini. Baadaye Krueger aliandika kwamba aliona imani za kishirikina zikizaliwa mbele yake, tena miongoni mwa wasomi wa chuo kikuu.

Kuna anayeweza kusema kwamba hayo ndiyo mafanikio: wageni kuimba pamoja gizani ni jambo zuri. Nakubali ni zuri. Lakini hata umeme ukikatika ukumbini, watu huanza kusemezana na kupiga makofi vilevile. Walichokuwa wakijibizana nacho ni wenzao, na kompyuta ile pamoja na vitambuzi vyake ingeweza kuzimwa bila mtu kutambua.

Nikiichambua kwa jicho la fundi, naona kuchelewesha hakukuwa sababu pekee. Chembe zile hunywa mwanga kisha huutoa polepole, hivyo mrija ulioamshwa na mtu wa kwanza ulikuwa bado unang'aa wakati wa pili anakanyaga. Nani ameuwasha? Ongeza na idadi ya watu waliokuwa ndani kwa wakati mmoja, kila mmoja akikanyaga kwake, na utaona kwamba hata bila kuchelewesha ingekuwa vigumu mtu kujua lipi ni lake. Binadamu huona jibu ni la papo hapo likija ndani ya takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Likizidi hapo huanza kuhisi pengo, na pengo likirefuka sana huacha kabisa kuunganisha kitendo na matokeo. Kikundi chochote kinachotayarisha onyesho leo, hata kwa bodi ya Arduino na sensa mbili, kipime pengo hilo kabla ya kuhangaikia rangi ya pazia. Kipime kwa kumwingiza mtu ambaye hajaambiwa chochote, kisha kimuulize ametoka na habari gani.

Mwaka uliofuata, 1970, Krueger alirudi na kazi iliyoitwa Metaplay, na hapa ndipo ninapomheshimu zaidi, kwa sababu alirekebisha kosa lenyewe wala hakuishia kuipamba kazi upya. Sakafuni ziliwekwa swichi 800 za kukanyaga. Mbele ikawekwa skrini kubwa ya futi 8 kwa 10, na ndani yake mgeni alijiona mwenyewe kupitia kamera. Juu ya picha yake ilitokea michoro. Mgeni akiinua kidole na kukisogeza hewani, mstari ulikifuata kidole chake kwenye skrini. Hakuna aliyehitaji maelezo.

Mstari huo haukuchorwa na kompyuta peke yake. Kompyuta za wakati ule hazikuweza kukitambua kidole ndani ya picha ya video. Katika jengo jingine, umbali wa kama maili moja, msanii alikuwa amekaa mbele ya mashine ya michoro, akimtazama mgeni kwenye skrini ya video na kukifuata kidole chake kwa kalamu. Mwanafunzi wa leo huenda akaona huo ni ujanja. Mimi naona ni uamuzi wa kiufundi uliokomaa: pale mashine isipoweza kujibu kwa wakati, aliwekwa mtu anayeweza. Krueger alikuwa amekwisha kukubali kwamba kinachopimwa katika sanaa ya namna hii ni ubora wa kujibizana, si uzuri wa taa wala wa muziki.

Nguvu ya kujibizana huko ilijitokeza hata walipokuwa wakifunga mitambo ya Metaplay. Mawimbi ya data kutoka jengo moja kwenda jingine yalikuwa yakifika yameharibika. Krueger alikuwa katika kituo cha kompyuta, mwenzake ukumbini, wakijadiliana kwa simu, kila mmoja akijaribu kueleza umbo la wimbi analoliona. Maneno hayakutosha. Wakageuza kamera za maonyesho, picha mbili zikaunganishwa kuwa moja, na kila mmoja akawa anaonyesha kwa kidole juu ya wimbi lile lile. Wakafanya kazi hivyo kwa dakika kadhaa. Walipotulia kidogo, kivuli cha mkono wa Krueger kikasogea na kuupanda mkono wa mwenzake kwenye picha. Yule wa upande wa pili, maili moja kutoka pale, akauondoa mkono wake kama mtu aliyeguswa.