Namna ya Kukagua Sitaha ya Mtiki

Boti ya starehe ya miaka ya 1970, mathalani Grand Banks 42 iliyoundwa Singapore, mara nyingi humnasa mnunuzi kwa sitaha yake. Akikanyaga mbao za mtiki zilizopigwa msasa juzi, zenye rangi ya dhahabu, hujiona kapata. Mimi rangi hiyo hunitia shaka. Mtiki uliozoea jua na maji ya chumvi huwa wa kijivu, na huo si ugonjwa. Kila msasa unapopita, unene unapungua, na unene ndio uhai wa sitaha.

Anza na vizibo. Enzi zile mbao zilikazwa kwa skrubu juu ya faibaglasi, na kila skrubu ikafunikwa kwa kizibo cha mviringo cha mtiki. Sitaha ikishapigwa msasa kupita kiasi, vizibo hukosa kina cha kushikilia, hung'oka, na vichwa vya skrubu vikachungulia. Fundi stadi hutoa skrubu, huongeza kina cha tundu, hutia epoksi, kisha hupiga kizibo kipya ambacho nyuzi zake zinafuata nyuzi za ubao. Inama uangalie: vizibo vilivyoelekea kila upande ni kazi ya haraka, na aliyeharakisha juu hakujali chini.

Lakini pa kukaa muda mrefu zaidi ni kwenye maungio. Kalafati ya jahazi ni pamba na mafuta, na huziba kwa kubanwa mbao zinapovimba. Kalafati ya sitaha hii ni mpira mweusi wa polisalfaidi, nayo huziba kwa kuvutika. Ndiyo sababu chini ya kila mfereji hutandikwa utepe usioshika gundi, ili mpira ushike kuta mbili tu. Ukishika na sakafu pia, hukosa nafasi ya kuvutika, na ubao unaposinyaa mpira unachanika. Kuta nazo zifutwe kwanza kwa asetoni, maana mafuta ya asili ya mtiki hukataa gundi. Mambo haya hayaonekani kazi ikishakwisha, ila maji huyafichua. Mwagia sitaha nzima, kisha subiri ikauke. Palipobaki mstari wa unyevu kando ya mpira, maji yameingia.

Halafu gonga kwa mpini wa bisibisi, hatua kwa hatua. Mlio mkavu ni mzuri. Mlio mzito uliofifia huashiria kwamba maji yamepita kwenye matundu ya skrubu hadi tabaka la ndani, na hapo hakuna msasa utakaosaidia.

Ikibidi kubadilisha mbao, mtiki mpya nao una mtihani wake. Tangu 2021 Marekani na Umoja wa Ulaya zimeliwekea vikwazo shirika la mbao la serikali ya Myanmar, kwa hiyo mtiki wa mashamba unatafutwa zaidi. Chagua mbao ambazo nyuzi zake zimesongamana na kunyooka kwa urefu.

Sitaha ikioshwa, ioshwe kwa maji ya bahari na brashi laini, kukata nyuzi na si kuzifuata, na mashine ya maji ya shinikizo isiisogelee kabisa. Fundi akikushauri uuache mtiki na ukijivu wake, yeye abadilishe mpira na vizibo tu, mpe kazi huyo.