Kamera Inayogeuza Shingo

Mitaa yetu hupigwa picha kwa njia mbili. Ya kwanza, mpiga picha anasogea hadi usoni pa mtoto, anachukua kamasi na tabasamu, na nyuma mabati yanabaki ukungu tu. Ya pili, droni inapaa na watu wote wanageuka kuwa paa. Johnny Miller alianza mradi wake wa Unequal Scenes Afrika Kusini mwaka 2016, na Nairobi akafika: ukuta mmoja, huku nyasi za gofu, kule mabati. Unaelewa hoja kwa sekunde mbili. Shida yangu ni sekunde ya tatu, maana hakuna kingine cha kuangalia.

Kwa hivyo nataka kutetea mashine ya kizamani. Kuna Widelux ya Wajapani na kuna Horizont ya Warusi ya miaka ya sitini. Lenzi imefungwa ndani ya kitu kama kopo dogo. Ukibonyeza, kopo linazunguka kutoka upande mmoja hadi mwingine, kama mtu anayeangalia barabara kabla ya kuvuka. Filamu imepinda nyuma yake, na mwanga unapita kwenye ufa mwembamba ukiipaka kipande kwa kipande. Widelux F7 inashika digrii 140. Fokasi haiguswi. Spidi ni tatu tu: 1/15, 1/125 na 1/250. Filamu ya picha 36 inakupa 21, na kwa bei ya filamu hapa Nairobi, hiyo si mchezo.

Vidole viweke nyuma, la sivyo vitaingia kwenye picha. Kipovu kiwe katikati, kama pimamaji ya fundi, kwa sababu ukiinamisha kamera kidogo tu, dunia inapinda kama ndizi. Na ikiwa mashine imekaa miaka bila kutumika, inazunguka kwa kusitasita na kukuachia mistari ya punda milia.

Sasa simama Lucky Summer, upande unaoshuka mtoni. Kushoto kuna ghorofa za kupangisha, nguo zimeanikwa kila balkoni. Katikati kuna jamaa wa smokie na kibanda cha M-Pesa. Kulia, ng'ambo ya mto, kuna moshi wa dampo la Dandora, lililoanza miaka ya sabini na kutangazwa limejaa mwaka 2001. Malori bado yanaingia. Picha ya uso hulikata hilo dampo. Ya droni hulifanya stori yake peke yake, na makorongo juu. Lenzi inayozunguka inakataa yote mawili. Smokie na moshi ziko fremu moja, kimo cha macho yako, na hiyo ndiyo hewa tunayokulia hapo.

Mimi niliacha chuo kabla ya kufika kwa nadharia, so nitasema kimtaa: upande mmoja wa hiyo picha ni mkubwa kwa umri kuliko ule mwingine. Bodaboda ikienda na lenzi, inavutika kama basi. Ikija kinyume, inafinyangwa. Kuna wanaoita hiyo kasoro. Mimi naona mtaa uliokataa kusimama upigwe picha.

Lakini tusiisifu bure. Ukuta ulionyooka unavimba tumbo, na watu wakiwa mbali wanakuwa mapambo ya mandhari. Kitabu cha Jeff Bridges, Pictures (2003), kilichojaa picha za Widelux kutoka seti za filamu, kinafaulu kwa sababu yuko hatua mbili kutoka kwa watu wanaomjua. Ukipanda juu ya ghorofa Lucky Summer na Widelux, buda, umefanya kazi ya droni kwa gharama zaidi.

Na kuna jambo zito kuliko kupinda kwa kuta. Ukimwelekezea mtu kamera ya kawaida, anajua. Kwa digrii 140, mama wa mboga aliye pembeni kabisa anadhani unampiga jamaa wa smokie. Hajapanga kitambaa chake wala hajakataa, na yumo. Picha nyingi za panorama za barabarani zinaishi kwa hao watu wa pembeni, ambao hawakuulizwa. Ukisimama pale, kabla ya kubonyeza, geuza shingo yako mwenyewe kwanza, uende kwa yule wa kushoto na yule wa kulia, uwaambie. Utakula saa nzima kwa picha moja. Zingine 20 zitangoja.